Simu Inalia Kila Ikichomekwa Chaji? Hivi Ndivyo Unavyozima Sauti Hiyo kwenye Android

Ni saa 5 usiku kwenye nyumba ya chumba kimoja kando ya Ziwa Jipe, upande wa Mwanga. Mtoto ndo kwanza kapata usingizi. Taa ya sola imezimwa, simu imechomekwa kwenye betri pembeni ya kitanda. Inalia "tii". Baada ya dakika mbili inalia tena. Kimya kidogo, halafu "tii" nyingine. Mtoto kaamka.

Sauti hiyo ndogo ambayo simu za Android hutoa zikianza kupokea umeme inazimika kwa muda usiofika dakika moja. Haihitaji programu ya kupakua, haihitaji bando, wala haihitaji fundi.

Ila kuna jambo la kuangalia kwanza. Simu ikichomekwa mara moja, inapaswa kulia mara moja tu. Ikilia mara tano usiku mmoja bila mtu kuigusa, maana yake umeme unaingia na kukatika, unaingia na kukatika. Kuzima sauti kutampa mtoto usingizi, lakini tatizo litabaki palepale kwenye waya, na safari hii halitakuwa na wa kulisemea.

Kwa hiyo: sauti kwanza, kisha sababu.

Njia ya haraka

Fungua Mipangilio, ile alama ya gurudumu lenye meno. Kama simu ipo kwa Kiingereza imeandikwa "Settings". Ingia kwenye Sauti na mtetemo, yaani "Sound & vibration"; kwenye baadhi ya simu ni Sauti tu. Shuka hadi chini kabisa ya ukurasa. Utakuta mstari wenye neno kuchaji, kwa Kiingereza "Charging sounds" au "Charging sounds and vibration". Gusa swichi iliyo pembeni yake ili izime. Basi.

Kama mstari huo hauonekani haraka, usihangaike kufungua kila ukurasa. Juu ya Mipangilio kuna kisanduku cha kutafutia. Andika "chaji" kama simu ipo kwa Kiswahili, au "charging" kama ipo kwa Kiingereza, na simu yenyewe itakupeleka. Njia hii ndiyo inayofaa zaidi kwa sababu kila kampuni hupanga kurasa zake inavyotaka, na hata simu mbili za kampuni moja zinaweza kutofautiana kama moja imepata sasisho na nyingine haijapata.

Ukishazima, jaribu. Chomoa waya, subiri kidogo, chomeka tena. Alama ya umeme ikitokea kwenye betri na hakuna mlio, umemaliza.

Hapa kuna kitu kinachowachanganya wengi. Kwenye Android ya kawaida, ile isiyobadilishwa sana na kampuni, mlio na mtetemo wa kuchaji mara nyingi vinakwenda kwa swichi moja. Ukizima, simu haitalia na wala haitatetema. Mtu aliyezoea kuuhisi mtetemo mkononi gizani, akajua chaji imeshika, ataanza kudhani simu imeharibika. Haijaharibika. Aangalie alama ya betri.

Samsung, Tecno, Redmi na nyinginezo

Kwenye Samsung Galaxy, ingia Mipangilio, kisha Sauti na mtetemo, kisha sehemu ya sauti za mfumo, "System sound". Humo ndani kuna orodha ya swichi ndogondogo: ya kugusa kioo, ya vitufe vya kupigia, ya kibodi, ya kufunga na kufungua kioo, na ya kuchaji. Zima ya kuchaji peke yake, nyingine ziache. Samsung imetenganisha mtetemo: upo kwenye ukurasa jirani wa "System vibration", nao una swichi yake ya kuchaji. Mwenye kutaka ukimya lakini abaki na mtetemo, Samsung inampa nafasi hiyo.

Tecno, Infinix na itel ni ndugu, zote zinatoka kampuni ya Transsion ya China, na ndizo zinazoonekana sana kwenye maduka ya Mwanga, Same na Hedaru. Kwa kawaida swichi ipo chini ya ukurasa wa sauti, au ndani ya kipengele kinachokusanya sauti za mfumo. Majina yamebadilika toleo hadi toleo, hivyo kisanduku cha kutafutia ndicho rafiki.

Kwenye Xiaomi na Redmi, angalia chini ya Sauti na mtetemo. Isipokuwepo hapo, ipo ndani ya mipangilio ya ziada ya ukurasa huohuo. Oppo na Realme huiweka kwenye sauti za mfumo.

Simu ndogo za Android Go, zile za bei nafuu zenye RAM ya GB 1 au 2, hufuata zaidi mpangilio wa Android ya kawaida. Nyingi utaikuta mwishoni mwa ukurasa wa sauti.

Swichi haipo kabisa

Mlio wa kuchaji kwa waya ulianza kuwa sehemu ya Android ya kawaida kwenye Android 9, iliyotoka mwaka 2018. Kabla ya hapo kila kampuni ilikuwa na utaratibu wake. Kwa hiyo simu ya zamani inaweza kulia na isiwe na swichi. Toleo la simu linaonekana kwenye Mipangilio, sehemu ya Kuhusu simu, iliyo mwisho kabisa wa orodha.

Kwa simu kama hiyo, mlio kwa kawaida hufuata kipimo cha sauti za arifa au za mfumo. Bonyeza kitufe cha kuongeza sauti, gusa alama inayotokea pembeni ili vipimo vyote vifunguke, kisha shusha hicho cha arifa au cha mfumo. Cha simu zinazoingia kiache juu. Gharama yake ni kwamba ujumbe nao utaingia kimyakimya, na kama unangoja muamala wa M-Pesa au Airtel Money, itabidi uwe unachungulia.

Njia nyingine, na kwa watu wengi ndiyo nzuri kuliko zote, ni Usinisumbue. Kwenye Android ya kawaida, Usinisumbue ikiwa imewashwa, mlio wa kuchaji hautoki. Ukizima Usinisumbue, unarudi. Maana yake mchana simu inaendelea kukujulisha kuwa imepokea umeme, na usiku inanyamaza.

Usinisumbue inawekwa kwenye ratiba. Ingia Mipangilio, tafuta "Usinisumbue" au "Do Not Disturb", fungua ratiba, chagua muda. Hapa angalia saa: simu haihesabu Kiswahili. Saa 4 usiku ni 22:00, na saa 11 alfajiri ni 05:00. Ukiweka 04:00 ukidhani ni saa 4 usiku, simu itaanza kunyamaza saa 10 alfajiri, wakati mtoto ameshaamka mara tatu.

Kitu cha kuhakikisha ni kwamba simu za dharura zinapita. Ndani ya Usinisumbue kuna sehemu ya watu. Ruhusu namba ulizoziwekea nyota kwenye orodha ya majina, kama ya mama, ya jirani, ya mwenyekiti wa kitongoji. Ruhusu pia wanaopiga kwa kurudia: mtu yuleyule akipiga mara ya pili ndani ya dakika 15, simu inaita. Kengele ya kuamkia, isipokuwa umeizuia mwenyewe, inalia kama kawaida.

Hilo la simu za dharura si la kupuuza kwenye vijiji vya tambarare ya Mwanga na Same, ambako tembo wanaotoka hifadhi za Tsavo Magharibi na Mkomazi huingia mashambani usiku. Anayelinda mahindi hataki simu yake itoe mlio gizani kila pawabenki ikiyumba. Lakini anataka sana mwenzake wa shamba la pili akipiga, simu iite. Kuiweka simu kimya yote kunamnyima hilo la pili. Kuzima mlio wa kuchaji peke yake hakumnyimi.

Kwa nini inalia tena na tena

Simu haina akili ya kujua kwamba huu ni umeme uleule wa dakika mbili zilizopita. Kila umeme ukikatika na kurudi, kwake ni kuchomekwa upya. Inalia, kioo kinawaka, alama ya betri inatokea. Kwa hiyo mlio unaorudia ni hesabu ya mara ambazo umeme umekatika.

Sababu huwa moja kati ya nne: waya, tundu la simu, kichwa cha chaji, au chanzo cha umeme chenyewe. Namna ya kumpata mkosaji ni kubadilisha kitu kimoja kwa wakati. Chukua waya wa jirani, acha vingine vyote vilevile. Kelele imeisha? Ni waya. Haijaisha? Rudisha waya wako, badilisha kichwa. Ukibadilisha vyote kwa pamoja, simu itapona na hutajua ilikuwa inaumwa nini.

Waya ndio unaoongoza kwa kuharibika, na huharibikia mahali pamoja: pale unapoingia kwenye kichwa chake kidogo, panapopindwa kila siku. Nje unaonekana mzima, ndani nyuzi zimekatika. Ukiushika na kuupinda kidogo na simu ikalia, umeshapata jibu. Kuufunga na raba au kuuwekea jiwe ili "ushike" ni suluhisho linalojulikana kila nyumba, na ni baya. Mahali ambapo umeme unaruka kwenye nyuzi zilizolegea ndipo panapopata moto.

Tundu la simu linafuata. Upande wa mashariki wa Milima ya Pare, kuelekea Jipe, ni tambarare kame. Vumbi lipo karibu mwaka mzima, na simu inakaa mfukoni pamoja na nyuzi za nguo. Vumbi na nyuzi hizo zinajipanga ndani ya tundu na kushindiliwa kila waya ukiingia, mpaka siku moja waya haufiki mwisho. Dalili ni waya kucheza, au kutokeza nje kidogo kuliko zamani.

Kulisafisha, zima simu kabisa. Tafuta mwanga wa kutosha, chukua kijiti cha meno cha mbao, kwangua taratibu kuta za tundu bila kugusa kwa nguvu kile kiulimi cha katikati. Utashangaa kinachotoka. Usitumie sindano wala pini ya nywele, chuma kinakwaruza na kinaweza kugusanisha njia za umeme. Usipulize kwa mdomo, pumzi ina unyevu.

Kama unachaji kwa sola

Hapa ndipo mlio wa usiku unapotokea zaidi kwa nyumba zisizo na nguzo ya umeme.

Mchana, mtu anayechaji moja kwa moja kutoka kwenye paneli ndogo bila betri katikati, simu yake inategemea wingu. Chaji ya kawaida ya USB inatoa volti 5. Wingu likipita, paneli haiwezi kubeba mzigo, volti zinashuka, simu inaona umeme umeondoka. Simu ikiacha kuvuta, paneli inapumua, volti zinapanda tena, simu inaona umeme umerudi. "Tii". Inaanza kuvuta, volti zinaanguka tena. Mzunguko huu unaweza kwenda asubuhi nzima, na jioni simu iko asilimia 30.

Kuzima sauti kwenye hali hiyo ni sawa, maana hakuna hatari kubwa. Ila ujue simu haichaji sawasawa. Kuchaji simu moja kwa wakati badala ya tatu kwenye kigawio kimoja kunasaidia kuliko kubadilisha waya. Saa 5 hadi saa 8 mchana, jua likiwa juu, ndio muda wa kuchomeka. Na simu yenyewe iwekwe kivulini: paneli inataka jua, betri ya simu hailitaki.

Usiku ni hadithi nyingine, kwa sababu paneli imelala. Umeme unatoka kwenye betri. Betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia inasoma karibu 12.7. Ikishuka chini ya 12 imebaki na kidogo. Kontrola nyingi hukata umeme betri inapofika volti 11 hivi, ili isife. Betri iliyochoka ina tabia ya kujifanya imepona: ukiiondolea mzigo, volti zinapanda zenyewe. Kontrola isiyo nzuri inadanganyika, inarudisha umeme, simu inalia, betri inazama tena, kontrola inakata.

Kwa hiyo simu inayolia usiku kwenye sola mara nyingi inatangaza kwamba betri ya nyumba inakwisha, au imezeeka. Kuendelea kuikamua usiku hadi usiku kunaifupishia maisha, na betri hiyo bei yake si ya waya wa USB. Chaji simu mchana, betri iachie taa.

Pawabenki nayo ina lake. Baadhi hujizima zikiona kinachovutwa ni kidogo mno. Simu ikikaribia kujaa inavuta kidogo, pawabenki inadhani hakuna kitu, inazima. Simu ikishuka kidogo na ukaguse kitufe, inaanza upya na mlio wake. Huo si ugonjwa. Chomoa tu, imejaa.

Kama umeme ni wa nguzo

Wengi hulaumu umeme kuwa mdogo. Mara nyingi wanaulaumu bure. Umeme wa Tanzania ni volti 230, lakini chukua kichwa cha chaji usome maandishi madogo: karibu vyote vimeandikwa 100-240V. Maana yake taa inaweza kufifia na feni kuzunguka kwa uvivu, na bado kichwa kizuri kikaendelea kutoa volti 5 zake bila simu kushtuka.

Ikilia tena na tena kwenye umeme wa nguzo, angalia soketi na ekstensheni kabla ya kuangalia nguzo. Soketi iliyolegea, ambayo kichwa cha chaji kinaning'inia, inakata na kuunga kila upepo ukipita. Iguse kwa nje, bila kuichokonoa. Ikiwa ya moto, au ina alama nyeusi, au inanuka plastiki iliyoungua, zima swichi na usiitumie tena mpaka fundi umeme aione.

Kando ya ziwa, ambako mbu hawampi mtu nafasi, wengi huingia na simu ndani ya chandarua ikiwa bado imechomekwa, inalala juu ya godoro au chini ya mto. Simu ikichaji inatoa joto, na godoro linalizuia lisitoke. Waya wenye kukatika na kuunga ukiwa humohumo, juu ya shuka na neti, ni jambo la kuogopa. Kama simu yako ilikuwa inalia mara kwa mara na umeamua kuizima sauti usiku huu, basi angalau iondoe kitandani. Iweke kwenye sakafu ya saruji au juu ya meza, mbali na chandarua.

Kuna kichekesho kidogo kwenye suala la umeme wa huku. Ziwa Jipe linapata maji yake kutoka Mto Lumi, unaoanzia Kilimanjaro, pamoja na vijito vya Milima ya Pare. Maji yakitoka ziwani yanashika Mto Ruvu, ambao si ule wa Pwani unaolisha Dar es Salaam, na kuingia bwawa la Nyumba ya Mungu. Pale kuna mitambo ya megawati 8 iliyowashwa mwaka 1968. Kisha yanaendelea na Mto Pangani hadi mitambo ya Hale yenye megawati 21 na ya New Pangani yenye megawati 68. Yaani maji yanayopita mlangoni kwa mtu anayehangaika na betri ya sola yanakwenda kuzungusha mitambo ya gridi ya taifa.

Mlio ambao hupaswi kuuzima

Simu nyingi za Samsung za miaka ya karibuni, na baadhi ya nyingine, zinatambua unyevu kwenye tundu la kuchajia. Ukichomeka waya tundu likiwa na maji, simu inakataa kuchaji, inaonyesha tone la maji, na inaweza kulia au kutetema mfululizo. Mlio huo hauko chini ya swichi ya sauti ya kuchaji, na ni vizuri hivyo.

Wavuvi wa Jipe wanaotumia mitumbwi midogo, wakipenya kwenye matete yaliyolizonga ziwa, wanaujua. Simu imerudi mkavu kwa nje, kumbe tundu limeloa. Chomoa waya mara moja. Shika simu tundu likitazama chini, ipigepige taratibu kwenye kiganja, kisha iache mahali penye upepo kwa saa kadhaa. Usiikaushe jikoni karibu na moto. Mchele nao hausaidii kama watu wanavyoamini, unaongeza vumbi na punje ndani ya tundu lilelile. Kulazimisha chaji kwenye tundu lenye maji kunakula vile visahani vya shaba, na hapo ndipo utakapolipa fundi.

Pia kuna milio inayofanana na wa kuchaji lakini si wenyewe. Ule wa betri kuisha ni wa mfumo na una namna yake. Mwingine unatoka kwenye programu ulizopakua, hasa zile zinazodai kuongeza kasi ya chaji au kupoza betri. Hakuna programu inayoweza kuongeza umeme unaoingia kwenye simu. Hilo linaamuliwa na kichwa, waya na simu yenyewe. Zinachofanya nyingi ni kukurushia picha zenye kucheza, sauti na matangazo kila ukichomeka. Kama umezima swichi na bado simu inatoa muziki au mtu anaongea kila ikipata umeme, fungua orodha ya programu, tafuta iliyoingia karibuni yenye majina ya aina hiyo, iondoe.

Ambao wasizime haraka

Mlio huu haukuwekwa ili kuwaudhi watu. Unasema waya umeshika. Kwa asiyeona, au mwenye macho yaliyopungua nguvu, ndio uthibitisho wa pekee kwamba asubuhi simu itakuwa na chaji. Mzee anayeomba wajukuu wamchomekee simu ataukosa sana. Mjukuu anayeizima sauti kwenye simu ya babu amwambie kwanza, na kama ni Samsung amwachie mtetemo.

Mwingine ni yule anayeacha simu kwenye kibanda cha kuchajia siku ya gulio. Akisimama pale wakati inachomekwa, mlio unamwambia kuwa imepata umeme kweli na haikuwekwa tu kwenye foleni na waya mbovu. Akiizima simu kabisa kabla ya kuiacha, ambalo ni jambo la busara kwa mwenye pesa kwenye laini, mlio huo hautatoka hata kama swichi imewashwa, kwa sababu Android yenyewe haijaamka. Kinachotokea ni picha ya betri kwenye kioo, na kwa baadhi ya simu mtetemo mfupi. Picha hiyo ndiyo ya kuisubiri kabla ya kuondoka.

Na kama umezima leo na kesho ukataka irudi, ni njia ileile, swichi ileile. Simu ikirejeshwa hali ya kiwandani, au ukinunua mpya, sauti inarudi yenyewe na itabidi uizime upya.